Siku Mbili za Eda

Kila baada ya miezi michache huitwa kuzungumza na vijana wanaotaka kuanzisha miradi ya kusaidia jamii ambayo papo hapo itawalisha na wao. Nawekwa mbele, napewa chupa ya maji, na kabla sijaifungua mmoja keshanyosha mkono: ni tabia gani anazopaswa kuwa nazo mtu wa kazi kama yako? Wote wameshika kalamu. Nawapa wanachokitaka. Ubishi, nawaambia. Kutochoka. Kutoona haya. Wanaandika, na yule wa mstari wa mbele, ambaye kwa kumtazama tu najua hatafika popote, analipigia mstari neno ubishi.

Yaliyobaki sijawahi kuwaambia. Nayaandika hapa, na sitajipamba.

Nimezaliwa Mtongwe, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuudhi. Mama alikuwa akisema ukinituma chumvi nitarudi na chumvi na ugomvi wa dukani juu yake. Nilibishana na mwalimu wa chuo cha Kurani juu ya kila kitu hadi akaniweka nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nisiwachafue watoto wengine. Sikuumia. Nilipenda pale mlangoni, maana nilikuwa wa kwanza kutoka.

Nilipovunja ungo nilipelekwa kwa somo. Kwa asiyejua mambo yetu, somo si mwalimu wa shule. Ni mwanamke mzima ambaye mama hukukabidhi kwake siku ile, kwa kuwa mama mwenyewe huona haya kukwambia. Yeye ndiye akufundishaye mwili wako, usafi wako, na baadaye ndoa yako, na anayokwambia hayatoki chumbani. Unamwita somo mpaka mmoja wenu afe, na radhi yake unaihitaji kama radhi ya mzazi.

Wangu alikuwa jirani yetu wa nyuma, mwanamke mrefu, wa sauti ya chini, aliyeshona nguo za watoto wa chuo. Hakujaliwa mtoto. Alinikalisha juu ya mkeka, akachukua leso kuukuu, akaichana vipande, akanionyesha namna ya kukunja kipande mara tatu na kukitia kamba, namna ya kukifua, na namna ya kukianika chini ya nguo nyingine ili kipate jua na macho ya watu yasikione. Aliniweka siku saba. Siku ya mwisho alinishika kidevu akasema, "Haya tuliyosema, mwanangu, yasitoke humu."

Yakatoka.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nimeachika, sina mtoto, nina mdomo na wakati mwingi. Shule ya msingi ya karibu na kwetu wasichana walikuwa wakikosa masomo siku zao za mwezi, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Nikapata wazo la kushona sodo za kufua, za kitambaa kizuri, tuziuze kwa bei ya chini, na washonaji wawe wajane na walioachwa. Ili nipate chumba cha kazi ilibidi nisimame kwenye baraza la chifu. Walikuwapo wazee, imamu, vijana wa bodaboda waliokuja kutafuta kivuli. Niliona watu wananisikiliza nusu nusu. Basi nikawasimulia. Nikawasimulia mkeka, leso, kuchana, kukunja mara tatu, kuanika chini ya nguo, na nilipofika kwa somo nikanyosha kidole: "Yule pale ndiye aliyenifunda."

Watu wote waligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa na wanawake wenzake upande wa ukuta. Alivuta buibui akafunika uso, akabaki vile mpaka baraza lilipokwisha.

Chumba nilipewa. Somo hakusema nami kwa wiki nzima. Siku ya nane alikuja kibarazani kwetu na karatasi ya mfuko wa unga aliyoikata umbo, akaiweka juu ya cherehani yangu. "Ule mkato wako utavuja," akasema. "Kata hivi." Umbo hilo ndilo tunaloshona mpaka leo. Nilimtolea siri yake mbele ya wanaume, naye akanijibu kwa kunirekebishia kazi, na unajua nilijionaje? Nilijiona nimeshinda.

Ndivyo alivyokuwa fundi wetu wa kwanza. Baada ya miaka mitatu tulikuwa wanawake kumi na wawili katika chumba kimoja chenye madirisha mawili, na wageni wakaanza kuja. Walinisifu kwa moyo wangu wa huruma. Nilijifunza kuinamisha macho wakisema hivyo.

Ukweli ni kwamba niliwapenda wanawake kwa jumla, na mmoja mmoja walinichosha. Kuna aliyekuja asubuhi jicho limevimba, mumewe kamtia konde, pua bado inachuruza. Nilimwambia akae mbali na kitambaa cheupe. Kuna aliyeshona mishono mipana kwa siku tatu kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa na mawazo hayako kazini. Nilimfumulisha kazi yote ya siku tatu, mbele ya wenzake, uzi mmoja baada ya mwingine, na kila alipofuta macho nilimwambia afute na mikono. Mtu akipinga jambo nilimjibu mpaka ajione mjinga. Sikuwa nikipiga kelele. Nilikuwa nauliza swali, kisha swali juu ya swali, hadi mwenyewe aseme, "Basi, hakuna kitu." Kazi ilikwenda. Shule nne zilichukua sodo zetu, na wasichana walikuwa wakihudhuria. Sijidai hapo. Hilo ni kweli na nitalisema mpaka nife.

Somo peke yake ndiye aliyekuwa akinijibu. Alisubiri wengine watoke kula, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mwanangu, yule mwenye mtoto mgonjwa umemwonea." Nami nilisema, "Ndiyo, somo," na kesho yake nikaonea mwingine.

Kisha mumewe akafa. Alikuwa mzee mpole aliyelinda ghala la watu Changamwe hadi miguu ikamkataa. Alifariki Jumamosi, mwezi tatu mwandamo, yaani siku ya tatu tangu mwezi kuandama, na tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Somo akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yake, bila manukato, bila wanja, bila kuonwa na mwanamume asiye wake.

Wiki ile ile aliniita. Alikuwa amekaa kitandani amevaa nguo nyeupe, amekonda ghafla. "Nina haja nawe," akasema. "Nihesabie siku zangu. Kwetu mjane hajihesabii eda. Akijihesabia ni kama anayetaka ziishe, na marehemu anamsikia."

"Si wifi yako?" nikauliza. Dada wa marehemu alikuwa mwanamke wa kushika mambo.

"Wifi yangu yuko Mtopanga, kuvuka kuja huku kwamla siku nzima. Na mwanangu ni wewe."

Nilikubali, na nilifanya vizuri, kwa sababu mimi nikishika jambo nalishika. Kila Ijumaa baada ya sala nilisimama dirishani kwake nikamwambia, "Ijumaa ya tatu, somo." "Ijumaa ya tisa, somo." Naye hujibu, "Alhamdulillahi, mwanangu," bila kuniuliza zimebaki ngapi. Cherehani yake nilimpelekea ndani, mwenyewe aliomba, alisema mikono ikilala moyo haulali. Kupita nje ukasikia inakwenda ilikuwa ni kitu cha kutuliza.

Ilikuwa karibu na mwisho wa eda ndipo yalipokuja mashindano. Watu fulani walikuwa wakitafuta mradi wa kuushika mkono pwani nzima, uwe na jengo lake na mashine za umeme. Walituma fomu ndefu. Nusu yake haikuuliza habari za sodo wala wasichana, iliuliza habari zangu: mimi ni mtu wa aina gani, nikikataliwa nafanya nini, nawahurumia wengine kiasi gani, kidogo, wastani au sana. Nilitia alama kwenye sana bila kupumua. Mwisho wake walitaka barua ya mtu anijuaye tangu zamani, aandike tabia zangu bila mimi kuona, aifunge mwenyewe, na siku ya mashindano awepo ukumbini.

Nilimpelekea somo karatasi na bahasha kupitia kwa mwanamke mmoja wa kazini. Baada ya siku mbili bahasha ilirudi imegandishwa pande zote, nikaituma ilivyo.

Kisha wakatangaza siku. Jumamosi, katika ukumbi mmoja Kisauni. Nilifungua kalenda ya msikiti. Jumamosi ile ilikuwa mwezi kumi na moja mwandamo. Eda ya somo ilikuwa inaisha mwezi kumi na tatu, Jumatatu.

Siku mbili.

Ningeweza kupiga simu nikaomba wanisogeze. Sikupiga. Nilijiambia wataniona mtu wa visingizio, na kwamba mtu imara haombi kusogezewa. Ningeweza kwenda bila yeye. Lakini nilishaiona picha kichwani: mwanamke aliyenifunda, mjane, ametoka eda asubuhi ile ile, amekaa mstari wa mbele. Nilijua picha ile ingefanya nini kwa waamuzi. Nataka niseme hili wazi kwa sababu watu hupenda kuniambia nilichanganyikiwa na wasiwasi. Sikuchanganyikiwa. Nilifikiria jambo kwa utulivu, nikiwa nakunywa chai.

Ijumaa nikaenda dirishani. "Ijumaa ya kumi na nane, somo. Kesho unatoka."

Cherehani ikasimama. "Kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Moyo ulikuwa waniambia bado kidogo."

"Miezi miwili imeandama kwa ishirini na tisa, haikufika thelathini," nikasema. Ilikuwa kweli, imeandama hivyo, na nilikwisha kuihesabu humo tangu zamani. "Na wifi yako usihangaike, nitamwambia mimi."

"Basi alhamdulillahi," akasema, na nikamsikia analia. Alilia kwa shukrani, kwamba amemaliza haki ya mumewe salama. Mimi nikiwa nje ya dirisha nikatazama saa, kwa kuwa nilikuwa nimeahidiana na mtu wa gari.

Asubuhi wanawake wa kazini walikwenda kumwogesha, kama desturi ilivyo mjane anapotoka. Walimfukiza udi, walimtia hina vidoleni, wakamvisha leso mpya nilizonunua mimi. Kulikuwa na mmoja wetu, fundi wa cherehani ya pili, mwanamke mcha Mungu ambaye kila mwezi hufunga yale masiku meupe, mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Mtu kama huyo haimpotei tarehe ya mwezi. Aliinua uso kutoka kwenye beseni akasema, "Mbona mimi naona kama..."

Nikamtazama. "Unaona kama nini?"

Maji yalikuwa yakidondoka.

"Hakuna kitu," akasema, akaendelea kusugua mgongo wa somo.

Miaka mitatu nilikuwa nikiwafundisha kusema neno hilo.

Tulivuka feri tukiwa wanne ndani ya gari, mimi, somo, yule fundi na dereva. Somo alikuwa ameshusha kioo chote. Hakuwa ameona nje kwa miezi minne, na alikuwa akitazama kila kitu, watu wanavyosukumana, mwanamke anayeuza korosho, hata moshi wa lori alionekana kuufurahia. Alishika mkono wangu. Mkono wake ulinukia udi. "Mungu akupe utakalo, mwanangu," akasema. Nikamwambia wakimwuliza swali asirefushe, aseme tu ile ya leso.

Ukumbini walitupa chai na sambusa. Waamuzi walikuwa watatu, mezani mbele, na kila mshindani alipanda jukwaani na kuulizwa. Zamu yangu ilipofika nilisema vizuri. Najijua nikisema vizuri, watu huacha kutafuna. Kisha mwamuzi wa kati akatoa bahasha.

"Barua yako imetupa taabu," akasema, na watu wakacheka. "Tulidhani ni Kiarabu. Tukampa mwenzetu ajuaye Kiarabu, naye akasema anazisoma herufi lakini hajui zinasema nini."

Nilijua mara moja. Somo hakwenda shule, alikwenda chuo. Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wa nyumba za zamani walivyofundishwa. Nikawaeleza. Wakafurahi kupita kiasi, mmoja akapiga picha karatasi. "Basi tusomee wewe mwenyewe," akasema mwamuzi. "Bila kuruka hata neno."

Nilianza kusoma kwa sauti. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umenyooka. Somo alikuwa mstari wa mbele, ameweka mikono magotini kama mtoto anayesomewa jina lake.

"Mimi ndimi niliyemfunda," nikasoma. "Ni mbishi. Ukimwonyesha mlango atatoka dirishani." Ukumbi ulicheka. "Hana haya. Nilimfunda haya siku saba, haikumwingia." Walicheka tena, na somo naye akatabasamu chini chini. "Ana hasira za upesi. Hachoki, na asiyechoka huwachosha wenziwe. Akishika jambo lake hamwoni mtu, huliona jambo. Nimemwambia, naye husema ndiyo, na haachi."

Hapo niliinua macho kidogo, nikacheka na mimi. Kisha nikaiona sentensi iliyofuata kabla sijaifikia.

Lakini haniongopei. Siku zangu za eda nimempa yeye anihesabie, kwa kuwa ulimi wake ni mkali lakini ni wa kweli, na hilo nalishuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mtu aliyeweza kusema uongo ule dirishani bila kupepesa angeweza kuisoma. Hata leo sielewi kwa nini sikuweza. Jicho likashuka mstari mmoja, nikasoma, "Namwombea heri yeye na kazi yake. Wassalamu."

Makofi. Waamuzi walikuwa wakiandika. Hapana aliyejua nimeruka kitu, maana katika watu wote waliokuwamo, barua ile aliyeijua alikuwa mmoja.

Nikamtazama. Alikuwa bado anasubiri. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, kama mtu anayefuatisha, na alibaki vile makofi yakiendelea. Alikuwa ameyaandika maneno yale kwa taabu, kitandani, na yale ndiyo aliyotaka yasikike, mengine yote alikuwa akiyapitia tu afike pale. Nilimwona anajiuliza kwa nini. Kisha nikamwona amejua kwa nini, au ameanza kujua, kwa sababu aligeuka kwa yule fundi wa cherehani ya pili aliyekuwa karibu naye na sambusa mkononi.

Sikusikia walichosema. Fundi mwenyewe aliniambia baadaye. Somo alimwuliza, "Leo hukufunga masiku meupe?" Naye akajibu, "La, somo, bado. Kumi na tatu ni keshokutwa."

Nikiwa jukwaani, nimesimama, watu wananipigia makofi, nilimwona somo akikunja vidole vyake vyenye hina, kimoja, kisha cha pili. Akavitazama. Kisha akavuta buibui akafunika uso, vile vile kama siku ya baraza.

Tulishinda. Nilipewa karatasi kubwa, nikapigwa picha. Msimamizi wa mashindano, mama mmoja mchangamfu, alinishika bega akaniambia ameshukuru mambo yamekwenda, maana wiki iliyopita ilibidi wamsogezee mshindani mwingine siku yake kwa kuwa alifiwa. "Mtu akitwambia tu, tunasogeza," akasema. Nilimjibu kwamba hilo ni jambo zuri.

Tulirudi kwa gari lile lile. Kioo cha upande wake kilikuwa kimepandishwa. Nilishuka naye mpaka mlangoni kwake. Aliingia ndani, akasimama nyuma ya kizingiti, uso bado umefunikwa.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Mbili, somo."

Kisha akaniuliza swali ambalo nimekaa nalo hadi leo. "Ulikosea hesabu?"

Alilisema polepole. Alikuwa akinipa njia. Alijua kama nijuavyo mimi, kwa kuwa mtu aliyekosea hesabu bila kujua asingeruka ule mstari. Angeusoma kwa kujidai. Alichotaka ni mimi niseme kwa kinywa changu, pale, bila shahidi. Nadhani ningesema ningepona. Angenisema, angelia, pengine asingenipa radhi kwa mwaka mzima, lakini ningekuwa bado mwanawe.

"Nilikosea, somo," nikasema.

"Kukosea hakuna dhambi," akajibu, akafunga mlango.

Jumatatu wifi yake akaja kutoka Mtopanga, na beseni lake, na udi wake, na leso zake. Yeye alikuwa amehesabu. Mimi sikuwa nimemwambia kitu, ingawa niliahidi. Alimkuta somo amekaa kitandani na nguo nyeupe, na hina vidoleni. Wanawake wote wa kazini walikuwapo. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nimeshika ndoo ya maji.

Alivitazama vile vidole. "Marehemu ndugu yangu," akasema, "hakustahiki hata siku mbili?"

"Nilikosewa hesabu," somo akajibu.

"Na nani?"

"Na mwanangu."

Kila mtu alijua mwana gani. Wifi hakugeuka hata kunitazama. Alisema mtu hawezi kuosha hina kwa maneno, na kwamba mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka arobaini anapaswa kuujua mwezi wake mwenyewe, na akasema mengine, ya utasa, ambayo siyaandiki. Somo aliyapokea yote, ameinamisha kichwa. Angeweza kuninyoshea kidole, kama mimi nilivyomnyoshea barazani. Hakuninyoshea. Nami nilikuwa nimesimama pale na ndoo, mimi mbishi, mimi nisiyeona haya, niliyewajibu machifu na maimamu, na sikuwa na neno hata moja. Wifi alichukua beseni lake akaondoka. Hajavuka tena kuja Mtongwe.

Jengo tunalo. Mashine za umeme tunazo ishirini. Barua ile walinirudishia imetiwa fremu, kwa kuwa waliupenda mwandiko. Nimeifungia kabatini, na wageni wakiiuliza nasema iko kwa fundi wa vioo.

Somo alirudi kazini baada ya wiki moja. Nilikuwa nimejiandaa asirudi, nilikuwa hata nimetunga maneno ya kwenda kumwomba. Hakuhitaji kuombwa. Mumewe hakumwachia kitu, na kazi yangu ndiyo iliyokuwapo, hilo tu. Nilimwamkia, "Shikamoo, somo." Akajibu, "Marahaba, mkurugenzi." Nikadhani ni mzaha. Kesho yake akasema hivyo tena. Tangu siku ile sijaitwa mwanangu, na mama alikwisha kufa zamani, kwa hiyo hapana anayeniita hivyo hapa duniani.

Hanichukii. Ingekuwa chuki ningejua la kufanya, na chuki ina ubishi ndani yake. Ananitii. Nikisema mshono uwe mwembamba anaupunguza. Nikimwonea mtu hasubiri tena wengine watoke ili anisute. Anashona.

Siku hizi macho yamepungua nguvu, basi tumempa kazi ya kufunga mafurushi ya sodo yanayokwenda shuleni. Kila furushi hutiwa kipande cha karatasi chenye tarehe. Meza yake iko karibu na mlango wa ofisi yangu, na kila asubuhi, kabla hajaandika ya kwanza, huinua kichwa na kuniuliza mbele ya wote, kwa sauti ile ile ya chini, ya adabu, "Mkurugenzi, leo tarehe ngapi?"

Namwambia.

"Ahsante," anasema. Kisha anamgeukia fundi wa cherehani ya pili, na kumuuliza, "Leo tarehe ngapi?"